Aliyefunzwa na Mamaye, Akafunzwa Tena na Ulimwengu

Miongoni mwa methali za mwanzo ambazo mwanafunzi wa Kiswahili huzikariri ni ile isemayo: Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mwalimu huitumia kwanza kwa ajili ya sarufi, kwani ndani yake mna umbo la mamaye, yaani mama yake, na kitenzi cha kutendwa kimekaa pande zote mbili za sentensi. Baada ya sarufi huja maana, na maana hiyo huelezwa kama onyo: mtoto akikataa adabu ya nyumbani, ataipata njiani, tena kwa fimbo nzito zaidi.

Onyo hilo ni la kweli, lakini methali imemwacha mtu mmoja bila kumtaja. Je, yule aliyefunzwa vema na mamaye? Ulimwengu humwacha salama? Maoni yangu ni kwamba haumwachi. Ulimwengu humfunza kila mtu, aliyefunzwa nyumbani na asiyefunzwa. Na pale somo la ulimwengu linapopingana na somo la mama, ugomvi huzuka baina ya mama na binti ambao watu huudhani kuwa ni wa tabia za watu wawili, ilhali mzizi wake uko nje ya nyumba. Nitaitetea kauli hii kwa kutumia tamthilia moja ya televisheni, kisha nitaipeleka kwenye pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji.

Huenda ukauliza kwa nini tamthilia. Ni kwa sababu katika pwani hiyo, kuanzia Palma karibu na mlango wa mto Ruvuma, kupitia Mocímboa da Praia na visiwa vya Querimba hadi mji wa Pemba, tamthilia ni mojawapo ya mambo machache ambayo mama na binti huyatazama pamoja. Televisheni za Msumbiji zimezoea kwa miaka mingi kuonyesha tamthilia za Brazili, ambazo huchanganya kicheko na machozi katika familia moja. Tamthilia hizo husema Kireno. Mama wengi wa makamo katika pwani hii husema Kimwani, Kimakonde, Kimakwe au Kiswahili, na Kireno hawakukipata kwa sababu shule hawakuipata. Binti aliyekwenda shule ndiye hufasiri. Mama huuliza, "Amesema nini huyo?" na binti hujibu kwa ufupi, wakati mwingine kwa ufupi mno. Tazama jinsi jambo hilo dogo linavyogeuza cheo: aliyekuwa mwalimu sasa ni mwanafunzi, na aliyekuwa mwanafunzi ndiye mwenye ufunguo wa maneno. Mvutano wa mama na binti huweza kuanzia hapo hapo mkekani, kabla hata ya kisa kilichomo katika kioo.

Tamthilia ninayoitaka inaitwa Vale Tudo. Jina hilo tunaweza kulifasiri kuwa "Yote Ruksa". Ilionyeshwa na televisheni ya Globo kuanzia Mei 1988 hadi Januari 1989, na mwaka 2025 Globo ikaitengeneza upya kwa waigizaji wapya. Waandishi wa awali walikuwa Gilberto Braga, Aguinaldo Silva na Leonor Bassères. Wakati huo Brazili ilikuwa imetoka katika utawala wa kijeshi mwaka 1985, na katiba mpya ya nchi ilitangazwa Oktoba 1988, tamthilia ikiwa inaendelea kuonyeshwa. Swali waliloliuliza waandishi hao lilikuwa la uraia tangu mwanzo: je, katika nchi hii, uaminifu unalipa? Swali hilo hawakulitia katika kinywa cha mbunge wala cha hakimu. Walilitia kati ya mama na binti.

Mama ni Raquel, aliyeigizwa mwaka 1988 na Regina Duarte. Anaishi Foz do Iguaçu, mji wa mpakani ambako Brazili inakutana na Paragwai na Ajentina. Kazi yake ni kuongoza watalii. Baba yake, Salvador, ni mtumishi wa forodha, mtu asiyepokea hongo. Binti ni Maria de Fátima, aliyeigizwa na Glória Pires. Nyumba ya familia mzee huyo alikuwa ameiandikisha kwa jina la mjukuu wake. Alipofariki, mjukuu akaiuza bila kumwambia mamaye, akatia fedha mkobani na kwenda Rio de Janeiro kutafuta umaarufu na mume tajiri. Mama akabaki bila baba, bila nyumba na bila mtoto.

Raquel akamfuata binti yake Rio. Hakuwa na mtaji, basi akaanza kuuza mikate iliyotiwa vitu ndani, akiinadi ufukweni kwa sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Humo mna uchekeshaji mwingi wa tamthilia hiyo, na humo mna heshima yake pia. Kidogo kidogo biashara ikakua ikawa kampuni ya chakula iitwayo Paladar. Jina hilo lilivuka bahari: tamthilia ilipoonyeshwa Kuba, watu wa huko wakaziita paladar zile mikahawa ndogo ndogo za majumbani, na jina hilo linatumika hadi leo. Binti naye akapanda kwa ngazi nyingine. Kwa hila alizopanga pamoja na mpenzi wake César, akaolewa na Afonso, kijana wa ukoo wa Roitman wenye shirika la ndege. Mama muuza mikate akawa ni aibu ya kufichwa. Mandhari ambayo Wabrazili hawajaisahau ni ile ambamo Raquel, baada ya kuutambua udanganyifu wa binti yake, anairarua nguo ya harusi ya Fátima kwa mikono yake.

Hukumu ya kawaida juu ya kisa hiki ni nyepesi: mama mwema, binti mwovu. Wengi huishia hapo, na katika mabaraza yetu hukumu huongezewa lawama kwa mabinti wote wa zama hizi. Mimi siikubali hukumu hiyo, si kwa sababu binti hana hatia, bali kwa sababu haielezi kitu. Fátima alilelewa na mama mwaminifu, katika nyumba ya babu mwaminifu. Kama methali yetu ingetosha, angetoka mwaminifu. Somo la nyumbani alilipata lote. Kilichomshinda ni mtihani uliotungwa na ulimwengu.

Fikiri kwa macho yake. Babu yake alikaa forodhani maisha yake yote, mahali ambapo wengi hutajirika, akafa bila utajiri. Mama yake anafanya kazi kutwa na hana akiba. Walioiba wanaishi katika majumba ya Rio, wanaheshimiwa, wanaitwa kwa majina ya heshima. Binti huyu hakuhitaji mtu wa kumfundisha wizi. Alihitaji macho tu. Akapiga hesabu, na hesabu ikamwambia kwamba mamaye ni mjinga. Hapo ndipo penye jeraha la kisa hiki. Upendo wa binti kwa mamaye haukufa kwa chuki. Ulikufa kwa dharau, na dharau ile ilikuwa imefundishwa na nchi nzima.

Waandishi walilithibitisha jambo hilo mwishoni mwa tamthilia. Marco Aurélio, mkurugenzi aliyeiba fedha za shirika, anakimbia nchi kwa ndege, na akiwa angani anaiaga Brazili kwa ishara ya matusi ya mkono. Leila, aliyekimbia pamoja naye, ndiye aliyemuua bibi tajiri Odete Roitman, akidhani anampiga risasi Maria de Fátima. Hakuna mmoja kati ya hao wawili anayekamatwa. Fátima mwenyewe anaishia kuolewa na mwana wa mfalme wa Kiitaliano katika ndoa ya makubaliano, na César yuko kando yake. Sisi husema njia ya mwongo ni fupi. Tamthilia ilionyesha kwamba katika nchi isiyowajibisha watu, njia ya mwongo huweza kuwa ndefu, tena yenye lami.

Ndani ya tamthilia hiyo hiyo mna mama na binti wengine, nao husaidia kuona upande wa pili. Odete Roitman ana binti aitwaye Heleninha, mchoraji aliyezama katika ulevi. Heleninha anaishi akiamini kwamba ndiye aliyesababisha kifo cha kaka yake katika ajali ya gari. Si kweli, mamaye anaujua ukweli na ameuficha, akamwacha binti abebe hatia isiyo yake. Odete ana fedha za kumpa binti kila kitu isipokuwa ukweli. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba umaskini ndio unaowatenga mama na mabinti, wala kwamba mama siku zote ndiye mwenye haki. Katika nyumba ya kwanza mama anafundisha ukweli na ulimwengu unamkanusha. Katika nyumba ya pili mama mwenyewe amekuwa ulimwengu: anadanganya ili ajiokoe, na aliye chini yake analipa. Ukiziweka nyumba hizi mbili pamoja utaona kwamba mtihani wa mapenzi ya mama na binti ni mmoja: nani anabeba gharama ya uongo?

Sasa turudi Msumbiji, maana swali hilo huko limeulizwa kwa mabilioni. Mnamo mwaka 2013 na 2014, kampuni tatu za serikali, ProIndicus, EMATUM na MAM, zilikopeshwa zaidi ya dola bilioni 2 za Marekani kwa dhamana ya dola, yaani kwa jina la wananchi wote, bila idhini ya Bunge. Angalia neno dola hapa, mwanafunzi: lina maana mbili, fedha ya Marekani na mamlaka ya nchi, na katika mkasa huu maana zote mbili zilikopwa pamoja. Mikopo hiyo ilielezwa kuwa ni ya kulinda pwani na kuvua jodari. Sehemu yake kubwa ilifichwa hadi mwaka 2016. Ilipofichuka, Shirika la Fedha la Kimataifa na nchi wafadhili wakasitisha misaada ya bajeti, thamani ya metikali ikaporomoka, na maisha yakapanda bei.

Fikiria jambo hilo likisikiwa na mama wa Palma au wa Mocímboa da Praia. Yeye ni mtu wa bahari. Jina lenyewe la Wamwani linatokana na pwani wanayoishi. Maji yanapokupwa wanawake hushuka na vikapu kuokota kome na kombe na kuchokoa pweza katika matumbawe. Maji yanapojaa hurudi, wakachemsha, wakakausha, wakauza. Kwingine wanalima muhogo, wanasuka mikeka ya ukili, wanakaanga samaki barabarani. Pwani inapokupwa huwa darasa la mama: humo binti hufundishwa kusoma mwezi na bamvua, kuvumilia jua, kugawana na jirani aliyerudi mikono mitupu, na kutochukua cha kapu la mwenzake. Kisha mama huyo na bintiye wanasikia kwamba bahari hiyo hiyo, kwa jina la jodari wake na ulinzi wake, imekopewa mabilioni ambayo wao hawakuyaona. Mama atasema nini akiulizwa na bintiye kama uaminifu unalipa?

Darasa lenyewe nalo halikusalimika. Gesi asilia iligunduliwa katika bonde la Ruvuma mwaka 2010, na ili kujenga mitambo katika rasi ya Afungi, wilayani Palma, familia zilihamishwa kutoka vijiji vyao kama Quitupo na kupelekwa katika kijiji kipya cha Quitunda. Nyumba za Quitunda ni za matofali, na hilo si jambo la kudharau. Lakini kwa mwanamke aliyezoea kushuka pwani kwa miguu maji yanapokupwa, nyumba ya matofali iliyo mbali na bahari ni nyumba iliyoachana na kazi yake. Hawezi tena kumpeleka binti yake darasani. Atakalomfundisha litakuwa hadithi, na hadithi haishibishi.

Kisha vikaja vita. Tarehe 5 Oktoba 2017 wapiganaji walishambulia Mocímboa da Praia. Tarehe 24 Machi 2021 waliishambulia Palma, na mwezi uliofuata kampuni ya TotalEnergies ikasimamisha mradi wake wa gesi. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia makwao. Mwaka 2020 majahazi na mashua zilizojaa wakimbizi zilitia nanga katika ufuko wa Paquitequete, Pemba, na mama waliokuwa na nyumba na minazi wakashuka na mabunda yao kichwani. Wapo walioanza upya kama Raquel: kukaanga maandazi, kuuza samaki mmoja mmoja, kunadi ufukweni. Tofauti ni kwamba Raquel aliandikiwa mwisho mwema na watunzi wake. Mama wa Paquitequete hana mtunzi.

Ni vizuri hapa tulitazame tena neno mama, maana Kiswahili kimelipa upana ambao methali yetu inautegemea. Dada mkubwa wa mama yako ni mama mkubwa. Mdogo wake ni mama mdogo. Mama humwita binti yake "mama" anapombembeleza, hasa kama mtoto amepewa jina la bibi yake. Na msichana anapovunja ungo, katika jamii nyingi za pwani hii na za bara yake, mamaye mzazi si yeye anayemweleza mambo mazito. Huitwa kungwi, au somo, mwanamke mwenye busara ambaye binti anaweza kumwuliza asiyoweza kumwuliza mamaye. Utaratibu huo una mambo ya kusahihishwa, na sheria ya Msumbiji ya mwaka 2019 inayokataza kumwoza aliye chini ya miaka 18 imeonyesha pa kuanzia. Hata hivyo, ndani yake mna hekima moja ambayo tamthilia nyingi haziijui: mama na binti hawakuachwa wawili peke yao. Kati yao palikuwa na mtu wa tatu wa kupokea hasira ya mmoja na kuifikisha kwa mwingine ikiwa imepoa.

Vita viliwatawanya hao watu wa tatu. Bibi alibaki kisiwani, mama mkubwa yuko Nampula, kungwi hajulikani alipo. Mama na binti wamebaki chini ya turubai moja, na kila neno gumu linatoka kinywani moja kwa moja hadi moyoni. Ikiwa methali ilimaanisha kwamba binti hufunzwa na mama wengi, basi leo binti wengi wa pwani hii wamebakiwa na mama mmoja aliyechoka, naye anashindana na ulimwengu wenye sauti elfu. Tukimlaumu binti kwa kuisikia sauti iliyo kubwa zaidi, tunasahau kuuliza nani aliipunguza sauti nyingine.

Najua pingamizi litakalokuja. Wapo watakaosema kwamba ninamtolea binti udhuru. Kwamba maskini wengi ni waaminifu, na kwamba aliyeuza nyumba ya mamaye aliiuza kwa mkono wake. Ni kweli, na mimi simfutii hatia. Kueleza si kusamehe. Tabibu aelezaye chanzo cha homa haipendi homa. Ninachokataa ni kuifunga kesi mlangoni pa nyumba, kana kwamba nyumba haina barabara mbele yake. Mwenye kumhukumu Fátima na kumwacha Marco Aurélio aende zake kwa ndege amewafundisha mabinti wote wanaotazama kwamba kosa ni kuwa mdogo.

Wapo pia watakaosema kwamba dawa ni kuzima televisheni. Hao nao siwaungi mkono. Tamthilia haikumfundisha binti wa Palma kwamba wakubwa huiba. Iliweka mbele yake jambo analolijua tayari na kumruhusu kulisema. Kwa mama na binti wasioweza kuzungumza juu yao wenyewe, kuzungumza juu ya Raquel na Fátima ni baraza la kuazima. Mama anaweza kusema, "Huyu amemkosea mamaye," na binti akajibu, "Lakini mamaye naye hakumwuliza anataka nini." Wote wawili wanajua kwamba wanaongea juu ya wengine, na wote wawili wanajua kwamba si kweli. Mlango huo ni mdogo, lakini ni mlango.

Basi raia afanye nini? Jibu langu ni kwamba kazi ya uraia, ukiitazama kutoka mkekani, ni kuulazimisha ulimwengu ufundishe somo lile lile analofundisha mama mwaminifu. Hili si ndoto, na Msumbiji yenyewe imetoa ushahidi. Katiba ya nchi hiyo inawaruhusu raia 2,000 kuliomba Baraza la Katiba lipime uhalali wa tendo la serikali. Raia wapatao 2,000 walitia saini zao juu ya madeni yale, na mwezi wa Juni 2019 Baraza likatamka kwamba mkopo wa EMATUM na dhamana yake ni batili. Mwaka uliofuata likatamka vivyo hivyo juu ya ile mingine miwili. Desemba 2022 mahakama mjini Maputo iliwatia hatiani watu 11 kati ya washtakiwa 19, na miongoni mwao alikuwamo mtoto wa rais wa zamani. Agosti 2024 baraza la wazee wa mahakama huko New York lilimwona aliyekuwa waziri wa fedha, Manuel Chang, kuwa na hatia, na Januari 2025 akahukumiwa kifungo cha miaka minane na nusu.

Hukumu hizo hazikurudisha fedha mikononi mwa muuza samaki. Lakini zilifanya jambo ambalo waandishi wa Vale Tudo hawakumpa Raquel: zilimpa mama ushahidi. Tangu hapo anaweza kumwambia bintiye kwamba wapo walioiba na wakaulizwa. Saini moja kati ya zile 2,000 ina uzito katika malezi, ingawa aliyeiweka pengine alidhani anashughulika na siasa tu.

Kazi haijaisha. Mwaka 2024 Msumbiji ilipata sheria ya mfuko wa taifa wa mapato ya gesi, ambayo katika miaka 15 ya mwanzo inaelekeza asilimia 40 ya mapato hayo mfukoni na asilimia 60 katika bajeti ya serikali. Sheria nyingine, Na. 34 ya mwaka 2014, inampa raia haki ya kuomba taarifa kutoka katika ofisi za umma. Sheria hizi mbili zikikaa kabatini, zitakuwa maneno ya Kireno yasiyofasiriwa. Zikifasiriwa, na mama wa Palma akajua kwamba ana haki ya kuuliza gesi ya wilaya yake imeleta nini, hapo somo lake kwa bintiye litakuwa na mguu wa kusimamia.

Na nani wa kufasiri? Narudi kwa yule binti anayefasiri tamthilia. Cheo alichokipata kwa kujua Kireno anaweza kukitumia kumfanya mamaye ajione mjinga, akijibu kwa neno moja na kucheka peke yake. Anaweza pia kukitumia kama daraja: kufasiri tangazo la serikali ya wilaya, karatasi ya fidia, taarifa ya habari. Ninyi mnaojifunza Kiswahili mna sehemu katika kazi hiyo. Watu wa Palma na wa Mtwara hutenganishwa na mto, wala si na lugha, na mengi yaandikwayo kwa Kiswahili upande mmoja yanaweza kusomwa au kusikilizwa upande wa pili. Lugha mnayoisomea mtihani ni lugha ambayo mama fulani anaisubiri ili aelezwe haki yake.

Ama mama, naye ana wajibu, nao ni ule aliokataa Odete: kusema ukweli hata unapomdhalilisha. Mwambie bintiyo unapata kiasi gani, nani alikudhulumu, na kwa nini hukuiba ulipoweza kuiba. Mama wengi huficha dhiki yao kwa mapenzi, wakidhani wanamlinda mtoto. Matokeo yake binti huona uchovu asiojua sababu yake, na ulimwengu humpa sababu ya uongo: kwamba mama hakujua kuishi. Uaminifu usioelezwa hufanana sana na ushindwe.

Methali yetu basi sitaki ifutwe. Nataka isomwe kwa upande wake wa pili, ule usiosemwa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na aliyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu pia, kila siku, barabarani, ofisini na katika kioo cha televisheni. Wazazi wametimiza sehemu ya kwanza ya methali kwa vizazi vingi. Sehemu ya pili iko mikononi mwa raia.

Maswali ya kujadili darasani

1. Katika maoni yako, Maria de Fátima alimdharau mamaye kwa sababu ya umaskini wake au kwa sababu ya uaminifu wake? Toa hoja.

2. Taja maana tatu za neno mama katika Kiswahili, kisha eleza ni ipi inayoifaa zaidi methali iliyojadiliwa.

3. Andika aya moja ukimweleza mama asiyejua Kireno haki yake ya kuomba taarifa katika ofisi ya umma. Tumia maneno ambayo angeyaelewa bila kuuliza mara mbili.